Mgeni Njoo, Ruta Ipone

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa vizazi vingi methali hii imefasiriwa kwa kuku: mgeni akipiga hodi kuku huchinjwa, na mwenyeji aliyeshindia dagaa wiki nzima naye hupata mchuzi. Tafsiri hiyo haina kosa, ila iliwahi mno. Methali ilikuwa ikimsubiri mgeni mwingine, asiye na jina wala sura, aliyeweka picha ya paka mahali pa uso, anayeibuka saa saba usiku kutoka mji usiojulikana na kumwambia mtu ambaye intaneti ya nyumbani kwake imegoma: “Zima ruta. Subiri sekunde 30. Washa.” Mwenye nyumba anausoma ushauri huo kwa bando la simu, yaani analipia intaneti ya pili ili aulize ya kwanza ina nini, na mgeni hajamdai hata senti. Mtu wa namna hii anastahili sifa, na kwa kuwa hajatokea wa kumsifu rasmi, makala hii inaibeba kazi hiyo kwa heshima zote.

Fadhila zake ndogo zinatajika kwa pumzi moja. Halali. Hachagui: swali la Bujumbura na la Muscat kwake ni moja. Hakuwekei muziki huku akikuhakikishia kwamba simu yako ni muhimu sana kwake. Haogopi kukosea, maana akikosea hajulikani aliko. Tena anaamini kwa dhati kwamba binadamu wote wanaishi katika nyumba kama yake. Akiwa Marekani, ndani ya nyumba ya mbao na jipsamu, humshauri mkazi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar ahamie masafa ya 5 GHz kwa sababu yana kasi zaidi. Kasi yanayo kweli. Lakini wimbi la 5 GHz lina urefu wa sentimita 6 hivi, nusu ya lile la 2.4 GHz, na kadiri masafa yanavyopanda ndivyo ukuta unavyozidi kuyameza. Ukuta wa Mji Mkongwe ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake nusu mita hivi, umejengwa na watu waliotaka joto libaki nje na siri zibaki ndani. Wi-Fi nayo imehesabiwa miongoni mwa siri: haitoki kwenda chumba cha pili.

Fadhila kuu, ambayo mbele yake hizo nyingine ni makombo, ni dawa yenyewe: zima, washa. Tuipime kwa utulivu. Panadol, ambayo zahanati zetu huigawa kwa homa, kwa mgongo na kwa majonzi, ina karatasi ndani ya pakiti inayotaja umri, dozi na tahadhari. Zima-washa haina karatasi. Inamfaa mtoto na mzee, mjamzito na msafiri, kabla ya chakula au baada yake. Inatibu filamu inayokwama, printa iliyonuna, na simu inayodai kwamba imeunganishwa ila hakuna intaneti. Haihitaji historia ya mgonjwa. Tena historia huiharibu, kwani mgonjwa akianza kueleza kwamba tatizo huja jioni tu, tena chumbani tu, tena kwenye kompyuta moja tu, ameshapoteza nusu dakika ambayo angekuwa amezima. Na kama kila elimu iliyokomaa, hii nayo ina madhehebu. Wapo wa sekunde 10, wapo wa sekunde 30, na wapo wenye msimamo mkali wanaosubiri dakika 5 na hawaridhiki na swichi mpaka waya uchomolewe ukutani kwa mkono. Kinachowagawa ni kapasita, vipande vidogo ndani ya ruta vinavyobaki na umeme kidogo kwa muda mfupi baada ya kuzimwa. Kwa kawaida sekunde 10 huvitosha, lakini hakuna dhehebu lililowahi kuvunjwa na kapasita.

Mpinzani atauliza: kama kuzima na kuwasha ni tiba, mbona miji yetu yenye mgao wa umeme haina intaneti bora kuliko Seoul? Gridi hutupa dozi hiyo bila malipo, siku nyingine mara tatu kwa jioni moja. Swali ni zuri na jibu lake ni jepesi: gridi haikutia nia, na tendo lisilo na nia halihesabiwi. Ruta iliyozimwa na mgao imezimika tu. Ruta iliyozimwa kwa agizo la mgeni mwenye picha ya paka imetibiwa.

Mzaha kando, dawa hii hufanya kazi mara nyingi, na sababu zake zinajulikana. Ruta ni kompyuta ndogo isiyo na kioo, yenye kumbukumbu finyu. Anwani za IP za toleo la 4 ni bilioni 4.3 hivi kwa dunia nzima, chache kuliko watu wenyewe, kwa hiyo nyumba nzima hujificha nyuma ya anwani moja. Ndani, vifaa hupewa anwani za faragha, kama zile zinazoanzia 192.168, zilizotengwa kwa kazi hiyo katika waraka wa mwaka 1996, na ruta huweka daftari la nani aliomba nini ili jibu la simu lisipelekwe kwenye runinga. Daftari hujaa. Programu iliyoandikwa ovyo hukalia kumbukumbu bila kuirudisha. Tena katika masafa ya 2.4 GHz, kati ya chaneli 13 zinazotumika sehemu kubwa ya dunia, tatu tu, 1, 6 na 11, ndizo hupangwa pamoja bila kuingiliana. Ghorofa lenye nyumba 20 hugeuka uwanja mmoja wenye ngoma 20, na oveni ya maikrowevu, inayotumia masafa ya 2.45 GHz hivi, nayo hujitosa uwanjani kila chakula kinapopashwa moto. Ukizima na kuwasha, daftari linafutwa, kumbukumbu inarudi, na ruta nyingi huchungulia upya kutafuta chaneli yenye nafuu. Kwa hiyo mgeni wetu si tapeli. Basi kwa nini tumcheke?

Kwa sababu halifutwi daftari peke yake. Ushahidi nao unafutwa. Ruta nyingi za nyumbani huandika matukio yao kwenye kumbukumbu ileile inayopotea umeme ukitoka: laini ilikatika saa ngapi, mara ngapi, baada ya nini. Zima-washa ni dawa inayomponya mgonjwa kwa kuchoma faili lake. Kesho homa ikirudi, anaandikishwa upya kama mgonjwa mgeni. Na utukufu wake umo humo, kwa wanaoutaka utukufu wa namna hiyo: baada yake hakuna mkosaji. Mtengenezaji aliyeacha kuisahihisha programu ya ruta miaka michache baada ya kuiuza ameachiwa huru. Aliyepitisha waya nje bila kuukinga na mvua ameachiwa huru. Jirani aliyeng’ang’ania chaneli 3 katikati ya watu wa 1 na 6, ameachiwa huru. Kesi zote zimefungwa kwa kuchomoa plagi.

Ingekuwa vyema sifa ziishie hapo. Lakini kuna yule anayejibu “kwangu iko poa”. Iko poa kwako, kwa hiyo? Nani aliuliza ya kwako? Kuna anayeagiza DNS ibadilishwe iwekwe 8.8.8.8 wakati mwenye shida ameshasema taa ya LOS inawaka nyekundu. Anwani hiyo, iliyofunguliwa na Google Desemba 2009, hubadilisha tu anayekutafsiria majina ya tovuti kuwa namba. LOS nyekundu ni habari nyingine kabisa: mwanga haufiki, pengine faiba imekatwa na katapila barabarani, na hakuna namba inayounga kioo. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ikayumba, hakukuwa na ruta ya sebuleni ambayo ingezimwa ikaunga waya ulioko chini ya bahari. Na kuna aliye mbaya kuwapita hao wote, muulizaji mwenyewe, ambaye baada ya kuhangaisha watu siku mbili anaandika “tayari, nimeshatatua, asanteni” na kutoweka. Umetatuaje? Umefanya nini? Umepata kisima, umekunywa, umekifukia, kisha ukaacha kibao kinachosema hapa pana maji.

Hata hivyo hasira hii inawaangukia wasiohusika. Mgeni amepewa nini cha kufanyia kazi? “Wadau, neti inasumbua.” Maneno matatu. Hajaambiwa ni taa zipi zinawaka, wala kama shida ni ya kifaa kimoja au vyote, wala kama kompyuta iliyochomekwa kwa waya nayo haipati, jambo ambalo peke yake lingetenganisha ugonjwa wa Wi-Fi na ugonjwa wa laini. Haioni nyumba wala laini, na kipofu halaumiwi kwa kupapasa. Wa kuulizwa ni mwenye macho, na mwenye macho yupo. Tangu 2004 kuna itifaki iitwayo TR-069 inayomwezesha mtoa huduma kusoma na kurekebisha kifaa cha mteja akiwa ofisini kwake. Kwenye faiba, kiboksi cha ukutani kinaweza kumjulisha kinapokea mwanga kiasi gani. Ukishuka chini ya −27 dBm hivi, mawasiliano huanza kufa. Namba ipo, inasubiri mtu wa kufungua ukurasa na kuisoma. Lakini mteja akipiga simu, akabonyeza 1, kisha 3, akasikiliza muziki hadi akaukariri, anapokelewa na sauti nzuri inayosoma karatasi: “Je, umejaribu kuzima na kuwasha?” Mgeni husema maneno hayo kwa sababu haoni. Ofisi huyasema kwa sababu imeamua kutotazama.

Watoa huduma watajitetea, na utetezi wao una uzito. Matatizo mengi hutulia kweli kwa kuzima na kuwasha, na fundi akitumwa kwa kila simu inayopigwa, gharama itamrudia mteja. Sawa. Lakini hiyo ni sababu ya kuanza na zima-washa, si sababu ya kuishia hapo. Daktari akikupa Panadol siku ya kwanza ya homa hana kosa. Siku ya 15, homa ileile, Panadol ileile, bila hata tone la damu kupimwa, huyo ni muuza vidonge. Na hesabu yenyewe ina ujanja wake: kama kila ruta inapozimwa ikawaka lalamiko hufungwa kwa neno “limetatuliwa”, nyumba iliyopiga simu mara kumi kwa mwezi itaingia vitabuni kama ushindi mara kumi, badala ya kushindwa mara moja. Lugha ya vifurushi nayo iliandaliwa mapema. Kifurushi cha “hadi 20 Mbps” hakijamwongopea mtu. Kwanza, hizo ni megabiti, na biti nane ndizo baiti moja, kwa hiyo mambo yakinyooka kabisa faili litashuka kwa megabaiti 2.5 kwa sekunde. Pili, kuna hilo neno “hadi”, neno lenye uvumilivu kuliko mengi katika Kiswahili. Sifuri nayo ni hadi 20. Na kile kifurushi cha “bila kikomo” kina kikomo chake kwenye maandishi madogo, kikiitwa matumizi ya haki, bila kutajwa haki hiyo ni ya nani.

Tumrudishie mgeni sifa zake, basi, safari hii bila mzaha. Anafanya usiku, bila mshahara na bila vipimo, kazi ambayo mwingine ameshalipwa kuifanya mchana akiwa na vipimo vyote. Kila anapofaulu, kuna fundi mmoja ambaye hakutumwa na simu moja ambayo haikupokelewa. Methali imetimia, ila tulikosea kumtambua mwenyeji: anayepona ni ofisi. Mgeni mwenyewe haondoki hata na mchuzi. Na kuku? Kuku yupo. Amelipia mwezi mzima kimbele, na sasa hivi amesimama gizani mbele ya ruta, anahesabu hadi 30.