Jinsi ya Kuipunja Sheli Bila Kukamatwa

Umenunua gari la haibridi, lenye injini ya petroli na mota ya umeme, Toyota Aqua au Prius iliyotumika Japani, na sasa unataka hela yako iipite sheli bila kusimama. Haki yako, ndugu yangu. Sogea nikunong'oneze.

1. Iba mapema. Ukiiona taa nyekundu kwa mbali, achia mafuta papo hapo, kisha gusa breki kwa upole. Mota iliyokuwa ikisukuma magurudumu inageuka jenereta, na mwendo wako unarudi kwenye betri badala ya kuishia kuwa joto kwenye breki. Ukikanyaga kwa hasira, breki za kawaida zinaingia kazini na mali inapotea. Tazama mshale kwenye dashibodi: ukilalia upande wa CHG, unavuna. Abiria watakusifu kwa utulivu wako. Zipokee sifa, umezistahili.

2. Kwenye foleni ya makutano ya Tazara, injini ikizima yenyewe, iache ilale. Songa taratibu kwa umeme. Bodaboda aliyesimama nyuma ya bomba lako atavuta pumzi safi, na kila lita ya petroli usiyoichoma ni takriban kilo 2.3 za kabonidioksaidi ambazo hazikupanda angani.

3. Mteremko wa Kitonga unataka akili zaidi. Gari la tani moja likishuka mita 500 linaachia nishati inayokaribia uniti 1.4 za umeme wa nyumbani. Betri ya Aqua haibebi hata uniti moja, tena gari lenyewe haliruhusu ijae pomoni. Itashiba kabla hujafika chini. Hapo vuta gia kwenye B, injini ilishike gari na breki zisiungue. Mjini rudi D: wanaodhani B inachaji zaidi wanajipunja wenyewe.

4. Usirundike mizigo mbele ya tundu la hewa la betri, pale kwenye kiti cha nyuma, na lisafishwe vumbi. Betri ikipata joto kila siku inachakaa mapema, na bei ya mpya itafuta ulichookoa.

5. Fundi akikwambia atoe masega, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba, ili gari "lipumue", kataa. Ndani yake mna platini na paladiamu, na mnunuzi anaye tayari. Wewe utabaki na gari linalokula mafuta kidogo huku likimwaga kabonimonoksaidi mtaani kwako, watoto wanapocheza. Kataa hata kama fundi ni shemeji yako.