Namna ya Kupanda Golini kwa Baiskeli, kwa Mtu wa Makadara

Kwanza acha kuogopa neno mlima. Sisi wa kisiwani Mombasa tumezoea kuamini kwamba milima ni ya watu wa bara na ya Wazungu wenye baiskeli za gia ishirini na kitu. Mwinuko wetu mkubwa ni ule wa kutoka bandari ya kale kuja juu Ndia Kuu, na huo mtu huupanda na kapu la samaki mkononi wala asiuhesabu. Lakini vuka kivuko cha Likoni, shika barabara ya kusini, na asubuhi hiyo hiyo utakuwa chini ya Golini, unatazama barabara iliyosimama mbele yako kama ngazi ya darini. Juu yake ni Kwale, karibu mita 400 kutoka usawa wa bahari.

Mita 400 si haba, ndugu yangu. Kule Cumbria, Uingereza, kuna kipito kiitwacho Hardknott, na waendesha baiskeli husafiri kutoka miji ya mbali ili wakakipande na waje wasimulie. Kilele chake ni mita 393. Nakubali kuwa barabara yao ni kali kuliko yetu: pana mahali ambapo kila mita 3 za kwenda mbele, unapanda mita 1, na wengi hushuka wakasukuma. Golini haina ukatili huo. Lakini kwa kimo hatudaiwi kitu, na wewe unaanzia baharini kabisa, hakuna hata mita moja utakayopewa bure.

Wiki moja kabla ya safari, mpelekee fundi baiskeli. Kama ni ile nyeusi nzito tuliyorithi kwa wazee, isiyo na gia, itakufikisha Kombani bila lalama, na kuanzia hapo mtapanda pamoja kwa miguu. Si dhambi. Yenye gia ni bora. Mwambie fundi aangalie breki kabla ya kitu chochote, ya mbele na ya nyuma, kwa sababu kupanda kunataka mapafu lakini kuteremka kunataka breki. Simama hapo hapo akiwa anafanya kazi. Beba tyubu ya akiba, pampu, spana, viraka na solusheni. Kanzu iache nyumbani. Kanzu na cheni hazijapata kupatana. Dada zangu, vaeni suruali, na buibui lifungwe juu ya goti lisifikie spoki. Msikubali kuambiwa kwamba safari hii si yenu.

Sasa upepo, na hapa nakuomba unisikilize vizuri, maana watu wengi huvunjika moyo kwa kudhani wao ni dhaifu kumbe wamekosea mwezi. Pwani hii upepo ni mlima wa pili. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, kuanzia Novemba hivi mpaka Machi, na Kwale iko kusini-magharibi mwa Mombasa. Kwa hiyo kaskazi itakusukuma mgongoni ukienda, kisha ikungoje usoni jioni, miguu ikiwa imeshakwisha. Tena Februari jua lake halina huruma. Kusi ni kinyume chake: asubuhi utapigana naye, jioni atakurudisha nyumbani. Manahodha wa majahazi waliokuwa wakija bandari ya kale walijua hesabu hii kwa karne nyingi: walikuja kutoka Arabuni kwa kaskazi, wakarudi kwa kusi, na hakuna aliyeona aibu kungoja upepo wake. Mimi nachagua kusi, tena Julai au Agosti, masika ikiwa imepita na hewa imepoa. Taabu ianze mapema, raha ije mwisho.

Ondoka baada ya swala ya alfajiri. Mahamri mawili na mbaazi, chai, basi. Mbaazi za sahani mbili utazikumbuka Golini. Kabla ya kushika njia, teremka kwanza Ngomeni, kando ya Fort Jesus, ukaloweshe gurudumu la nyuma baharini. Ada hii nimeiazima kwa Waingereza hao hao. Wana njia ya pwani hadi pwani, iliyofunguliwa 1994, kama kilomita 225 kupita milimani, na mtu hulowesha gurudumu la nyuma Bahari ya Ireland akianza, na la mbele Bahari ya Kaskazini akifika. Ni ada nzuri. Ila maji ya chumvi yafute mara moja, rimu ni chuma.

Toka kwa barabara ya Digo, ingia ya Nyerere, moja kwa moja hadi kivukoni. Asubuhi umati mkubwa wa Likoni unakuja kisiwani kazini, nawe unatoka. Jioni unarudi kisiwani, wao wanakwenda kwao. Kwenye feri shuka, shika baiskeli yako kwa mikono miwili, usimkanyage mtu, na mwenye mkokoteni mpishe. Mzigo wake hauna breki.

Ng'ambo utapita Shika Adabu, na jina hilo lichukue kama lilivyo. Barabara hii ina malori na matatu, kwa hiyo kaa kushoto, vaa rangi ya kung'aa, usiweke vidude vya muziki masikioni. Salimia watu. Mwendesha baiskeli anayesalimia njia nzima, hata akipata pancha mahali asipojulikana, hatakosa wa kumshikia gurudumu. Ng'ombeni simama unywe dafu hata kama huna kiu, kwa sababu kiu ya mlimani huanzia tambarare. Kombani, pinda kulia.

Hapo ndipo nchi inapobadilika. Mwanzo hutaona kitu, ila miguu itaona. Minazi inapungua kidogo kidogo, upepo wa bahari unabaki nyuma, na barabara inaanza kukunja. Ukifika mwinuko wa Golini, shusha gia mapema kabla hujazihitaji. Ukingoja mpaka pedali zigome, cheni itaruka na wewe utasimama. Usitazame juu. Tazama mita kumi za mbele, kisha kumi nyingine. Kaa kitini, vuta pumzi kwa pua, itoe kwa mdomo. Na pumzi ikikataa, shuka usukume.

Kusukuma nakutetea kwa moyo wote. Njiani humo utakutana na watu wanaoteremsha madafu kwa baiskeli kwenda kuyauza, mafungu yamefungwa karia na kuning'inia pande zote mbili, mpaka mtu haonekani ila kichwa. Hao ndio waendesha baiskeli wa milima ya nchi hii, ingawa hakuna anayewapa medali. Watazame wanavyofanya: penye mteremko mkali hushuka, wakaizuia baiskeli kwa mwili mzima, hatua kwa hatua. Hawaoni haya, wanajua uzito wa mzigo wao. Ukirudi, nawe fanya kama wao. Bana breki kwa vipindi, usiibane moja kwa moja mpaka ichemke. Huko Uingereza, chama cha waendesha baiskeli kilichoanzishwa 1878 kiliweka vibao vya hatari juu ya vilima vikali, magari bado hayajajaa barabarani. Natamani sana kibao kama hicho kisimame juu ya Golini, kiandikwe kwa Kiswahili, kwa ajili ya muuza madafu.

Kwale mjini pumzika. Hewa ni nyingine kabisa, jasho linakauka lenyewe. Hifadhi ya Shimba Hills iko hapo kando, nyumba ya mwisho ya palahala nchini Kenya. Lakini humo mna ndovu na nyati, kwa hiyo baiskeli isiingie. Wewe tafuta mahali penye uwazi, tazama mashariki. Siku isiyo na ukungu utaiona bahari ulimolowesha gurudumu lako alfajiri, iko chini na mbali, rangi yake imegeuka.

Teremka kabla ya alasiri kuzama. Kusi atakushika mgongoni kuanzia Kombani, na utashangaa Likoni imesogea lini. Ukishavuka, pitia Ngomeni uloweshe gurudumu la mbele, ulifute, kisha kakae barazani Kibokoni uagize kahawa tungu na kashata. Wazee watakuuliza umetoka wapi na vumbi lote hilo. Waambie Kwale. Watakuuliza ulipanda gari gani.