Kikao cha Dharura Chini ya Sinki

*(Bafu la nyumba ya kupanga, Tanga, masika. Saa tatu usiku.)*

BOMBA: Kikao kimefunguliwa. Tk. Ajenda ni moja: mgeni asiye na kitambulisho. Tk.

UFAGIO: Kiroboto huyo, mwenyekiti! Nilipomgusa tu, paa! Akatua kwenye kandambili.

MJUSI: Mama Ufagio, kila arukaye si kiroboto. Kiroboto ni wa kahawia, bapa ubavuni kama aliyebanwa na mlango, naye huruka kwa miguu ya nyuma. Huyu ni wa kijivu, mviringo, hata punje ya ufuta haifikii. Geuka, kijana. Mnauona huo uma uliokunjwa chini ya tumbo? Ukifyatuka, ndiyo hiyo paa yako.

UFAGIO: Tangu lini mjusi kafiri akawa shahidi?

MGENI: Shikamooni, wazee. Mimi damu siijui, wala siumi mtu. Chakula changu ni ukungu. Kama ule pale, mgongoni kwa mwenyekiti.

*(Kimya. Tk. Tk.)*

BOMBA: Tusiingize mambo binafsi.

UFAGIO: Mdudu ni mdudu tu!

MGENI: Hata hapo, mama, wataalamu wana neno. Miguu sita ninayo, ila siku hizi wengi wao wametutoa kwenye ukoo wa wadudu, kwa kuwa midomo yetu imefichwa ndani ya kichwa. Wanatuita kolembola.

UFAGIO: Mmesikia jina? Uliingia lini hapa?

MGENI: Hapa, tangu mwenyekiti alipoanza kudondosha. Duniani, ni zamani kidogo: jamaa yetu amekutwa Rhynie, Uskoti, ndani ya mwamba wa miaka milioni 400 hivi.

UFAGIO: Haya! Sasa anadai kiwanja!

MJUSI: Mwenyekiti, kwa heshima, fundi akibadilisha hiyo raba yako, dirisha likaachwa wazi, huyu hakai. Mwili wake hautunzi maji; pakavu panamuua.

BOMBA: Mjusi, umetumwa na nani? Tk. Azimio: ipulizwe dawa. Wanaoafiki?

*(Ufagio anainua chelewa zote. Mama mwenye nyumba anaingia na kopo, anapuliza, anakohoa, anatoka mbio. Mjusi keshapita dirishani.)*

*(Siku ya nne. Nyuma ya Bomba, ukungu umenawiri. Paa. Paa.)*

BOMBA: Kikao cha pili kimefunguliwa. Tk.