Mavuno ya Ploti

Tangu 1967, sheria ya Kenya imeitaka bodi ya udhibiti wa ardhi kwa kawaida ikatae kuidhinisha kugawanywa kwa shamba iwapo mgawanyo huo unaelekea kupunguza mazao. Sheria tamu kweli! Isomwe kwa sauti kule Kiambu, ambako mibuni imeng'olewa na bikoni za soroveya ndizo zinazochipua. Ploti ya futi 50 kwa 100 sasa nayo ni shamba. Ukipanda sukumawiki, kuku atakosa pa kugeukia.

Lakini tusiseme ardhi haizai. Inazaa fomu, ada, mihuri, hatimiliki na kesi za ndugu kwa ndugu. Nawe mnunuzi, ulizia kibali cha bodi kwanza: bila hicho, mkataba wa shamba ni batili, hata ulipe hadi senti ya mwisho.