Sanduku la Mwangwi

Mama, Ba'mdogo na wote mlioko hapo Morogoro:

Haya, sasa nimeona. Mwenye nyumba wangu hapa Chicago, mzee mstaafu, kanunua kisanduku cha mtumba cha Fisher cha miaka ya 1960, jina lake Space Expander. Kazi yake? Kuifanya sebule isikike kama ukumbi mtupu. Ba'mdogo, wewe uliyehangaika na mwangwi wa bati la kanisa mpaka ukatundika mablanketi, jua kwamba huku watu wanaununua.

Nimechungulia ndani. Hakuna kompyuta, kuna springi ndefu, nyembamba, zilizotandazwa ndani ya kasha la bati. Koili na sumaku vinazitikisa upande huu, mtikisiko unakimbia hadi mwisho, unarudi, unakwenda tena, kila safari umechoka zaidi, na koili ya upande wa pili inaunasa na kuurudisha kuwa sauti. Maabara ya Bell ilitumia springi kuiga simu za mbali zinavyochelewesha maneno. Hammond wa hapahapa Chicago akazitia kwenye vinanda vyake, maana alikuwa akiwauzia watu wenye mazulia na mapazia mazito, na kinanda cha kanisa kikiingia sebuleni mwao hufa sauti.

Shida ni kwamba springi haichagui kinachoitikisa. Kwa hiyo nyumba ina sheria: santuri ikizunguka, hakuna kukimbia ngazini, hakuna kubamiza mlango, na mimi ni soksi tu. Jana jirani wa juu kashuka na mabuti yake ya theluji, Mozart akakatizwa na radi, na mimi huyo mbio kuanua nguo. Nguo zenyewe ziko kwenye mashine ya kukaushia! King Tubby, fundi wa dabu wa Kingston, alikuwa akikipiga kofi kisanduku kama hiki makusudi apate ngurumo hiyo.

Mzee akilala, nachomeka maiki: "Wapendwa waalikwa, tuwapokee maharusi... rusi... rusi..." Halafu nasubiri vigelegele. Friji ndiyo inayoitikia.

Kumbe mzee alinisikia: asubuhi kaniuliza MC wetu wa harusi hutumia springi ngapi. Nikamwambia ni kitufe tu kwenye mixa ya Kariakoo. Alinishika bega, akanipa pole.

Harusi ya Mwajuma nirekodieni yote, na jenereta msilizime.