Poti 53 ina mwenyewe

Jumatatu
Seva ya majina ya maabara ya kompyuta imegoma kuwaka. Ni dnsmasq ndani ya Ubuntu 20.04. Kazi yake ni kuwawezesha wanafunzi kufungua maktaba ya masomo kwa jina, hata siku ambazo kifurushi cha intaneti kimeisha. Mwalimu wa zamu ameandika ubaoni: "Mtandao umekufa." Haujakufa. Ukiandika namba ya anwani, maktaba inafunguka vizuri. Lakini huwezi kumwambia mtoto wa kidato cha kwanza akariri 192.168.1.10 kabla hajajifunza kitu.

Jumanne
Kijana anayenisaidia akasema, "Mwalimu, tuifute tuiweke upya." Nikakataa. Tukasoma kwanza logi kwa journalctl -u dnsmasq, na sababu ilikuwa humo: poti 53 inatumika tayari. Amri ya ss -lunp ikamtaja anayeishikilia, systemd-resolved, ambayo Ubuntu huja nayo na huiwasha yenyewe kwenye 127.0.0.53. Kwa kawaida dnsmasq hudai poti hiyo kwenye anwani zote za mashine. Moja ikiwa na mtu, haiwaki kabisa. Kuhamia poti nyingine hakusaidii, kwa kuwa kompyuta za wanafunzi huulizia majina kwenye 53 tu, kama waraka wa RFC 1035 ulivyopanga mwaka 1987.

Saa nane umeme ukakatika.

Jumatano
Kwenye /etc/systemd/resolved.conf tumeandika DNSStubListener=no ili systemd-resolved iachie poti 53, tukaiwasha upya huduma hiyo, kisha dnsmasq. Ikawaka. Maktaba ikafunguka kwa jina, ila tovuti za nje zikakataa. Faili la /etc/resolv.conf ni kiungo tu, na bado kilikuwa kinaelekeza maswali kwa 127.0.0.53, ambako systemd-resolved haijibu tena. Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kupangua kila kitu, na inaniuma, kwa sababu kimebaki kidogo sana. Tulikielekeza kiungo kwenye /run/systemd/resolve/resolv.conf, zilipo anwani za seva halisi za nje.

Alhamisi
Kidato cha kwanza wamesoma vipindi vyote viwili.

Ijumaa
Nimebandika ukutani karatasi yenye majina ya mafaili mawili tuliyoyagusa. Nawe unayetunza seva ya shule, tafadhali andika yako leo. Atakayekurithi hatajua pa kuanzia.