Maabara ya Matone

Ukipita Singida msimu wa alizeti, chupa na madumu ya mafuta yamepangwa kando ya barabara, jua likiyapiga. Kumbe ni kemia ile! Mafuta hayo, methanoli na kostiki soda hutoa dizeli ya mimea. Ndani ya maikroriakta, yenye vijifereji visivyofika milimita moja, kazi hiyo ya saa nzima huisha kwa dakika chache, tena kwa matone tu. Vyuo vya ng'ambo huisifu kwa kubana matumizi ya kemikali. Hongera zao. Huku kwetu wanafunzi arobaini wanagawana bureti moja tangu enzi na enzi, na asidi ikiisha, mwalimu anaichora ubaoni. Chaki ni nyeupe, ila mtihani unataka uandike kuwa kiashiria kimegeuka pinki.